Sura Ilibakia Butembo, Kadre Ikaenda Beni

Mukaye chini bote na mufunge mulango, juu leo sitasema mara mbili. Florentine, acha kunipepea, mimi si moto ya makala. Lusenge, telefone yako iwake, ikamate sauti yangu, juu ninawajua: mukitoka hapa kila mutu atasema baba aliniachia mimi. Na weye Josaphat, mukubwa ya hii nyumba, kaa pale nikuone. Tangu juzi unapima urefu yangu na macho sawa fundi ya majeneza. Ongeza kipande, mutoto yangu. Mimi Mathe sijakuwaka mutu mufupi.

Ninajua kile kinawaleta, na si hii kifua yangu. Miaka tatu hakuna hata mumoja alinileteaka kilo ya sukari, leo muko hapa batatu na machozi, juu ya ile kasura ya ku ukuta, kadogo sawa yai ya bata, ya mwanamuke wa kizungu mwenye shingo ndefu na ribani ya bleu. Josaphat alileta mutu wa Goma mwenye kofia, akaiangalia na kale kalunette kake, akasema ni kitu ya zamani sana, ilichorwa juu ya jino ya tembo, lakini hatainunua bila kadre yake, ile fremu ya kuizunguka, na karatasi yenye kuonyesha ilitoka kwa nani ikafika kwa nani. Na kadre iko Beni, kwa batu ya Muhindo. Kwa adui yangu! Na weye Josaphat ukapanda pikipiki, ukaenda kwao, ukakunywa chai yao. Ulifikiri sitajua? Mimi niko nalala hapa, lakini masikio yangu inafika mupaka Kasindi.

Donc munataka kujua ilitoka wapi. Nitasema, na haya itawakamata nyinyi mbele yangu.

Hadisi munaijua sawa Baba Yetu. Mwaka wa makumi sita na ine, baasi balikuwa banakuya, na Madame wa shamba ya miti ya kinini ku Alimbongo alikuya kulia mbele yetu, mimi na Muhindo, juu tulikuwa na camion moja, lori ya mizigo, sisi wawili. Tukamupakiza. Ku barrière, pale balifunga barabara, baasi makumi ine, bunduki, mikuki! Mimi nikaruka chini, nikakamata mukubwa yao kwa shingo, nikamutupa ngambo ya muto, na bengine bakakimbia, mupaka leo habajasimama. Kila mwaka niliongezaka baasi. Wakati ya batizo ya Lusenge balishafika mia moja. Ku ndoa ya Florentine niliweka na kanoni, muzinga mukubwa.

Sasa musikie ya kweli. Baasi balikuwa sita, na mimi nilikuwa chini ya magunia ya viazi.

Musinikodolee macho! Nyinyi mungekuwa chini ya barabara.

Muhindo njo alishuka, peke yake, mikono juu. Aliwaambia huyu mama ni muganga, anapeleka dawa kwa bagonjwa. Bakamupiga kitako ya bunduki ku mudomo, akarudilia neno lile lile na damu inatoka, mupaka bakachoka naye, bakafungua njia. Yale meno mbili yenye alikosa, niliwaambia ulevi njo ulimwangusha. Mutu mwenye hakuonjaka kasikisi hata tone moja maisha yake yote! Na nyinyi mukaamini, na diplome zenu.

Ku mupaka Madame hakukuwa na kitu, ila ile sura ndani ya nguo. Akatueleza: ni nkambo yake, bibi ya baba yake, alichorwa ku Bruges juu ya harusi yake, mwaka wa 1838. Kadre ni ya baadaye, ya shaba, baba yake njo aliitengenezesha, juu ile ya kwanza ilikuwa ya mbao, wadudu baliikula. Mama yake akaileta huku Congo ndani ya sanduku. Yote hiyo Madame aliiandika, karatasi juu ya capot ya camion, akaibandika na gundi nyuma ya kadre, akaitia ku mukono ya Muhindo. Si kwetu. Kwake.

Muhindo alisomeaka Korani tu, herufi za kizungu zilikuwa kwake sawa nyayo za kuku. Mimi nilikuwa nimefika troisième primaire, darasa ya tatu, nilikuwa sawa profesere. Nikamusomea. Bibi, harusi, Bruges, yote vizuri. Mwisho nikasoma vile nilitaka: Madame anatupatia sisi wawili.

Kisha ya ile tukatumika kazi naye miaka kumi. Mangaribi mimi ninaeleza baasi yangu ku baa, na Muhindo anakaa kando na Fanta yake, anacheka na ule mudomo wenye tundu. Anacheka tu. Njo nilimuchukia. Nikasema anaiba mafuta ya camion. Hakuiba. Mafuta nilikuwa naijua mupaka tone ya mwisho, na hakuna yenye ilipotea.

Bazee bakakuya kuvunja association yetu ya camion. Desturi munaijua: mumoja anagawa, mwingine anachagua wa kwanza. Mimi nikagawa. Moteur huku, chassis kule. Matairi tatu, matairi tatu. Sura huku, kadre na karatasi yake kule. Nikajiambia, mwanaume gani ataacha uso ya vile juu ya kipande ya shaba? Nilimupangusa ule mwanamuke wa sura hata na mate, ili ang'ae, akamate macho ya Muhindo. Na kadre ingebakia kwangu, na karatasi ningeichoma ile ile siku. Muhindo akaangalia, akasema: «Mathe, ku nyumba yangu sitatundika sura ya mutu. Nipe kadre, nitaweka kioo.» Miaka kumi tulikula sahani moja, ku Ramadhani nilikuwa nakula hata sehemu yake, na nikasahau dini yake!

Chassis yake leo ni daraja juu ya mutaro ku Beni, batoto ya masomo banapita pale. Moteur yangu iko chini ya muavoka, kuku zinataga ndani. Na nyinyi niliwakataza kuingia kwake, kuoa kwake, hata kumusalimia ku soko. Mulifikiri ni juu ya mafuta. Hapana. Ni juu niliwatuma ku masomo. Mumoja wenu angegeuza ile kioo na kusoma.

Hii juma, siku ya ine, Asma alikuya, binti ya Muhindo, ule mwalimu. Alitoka Beni na pikipiki, ku ile barabara yenye hata basoda na bunduki zao banapita na kusali. Ameleta kadre, imefungwa ndani ya kitenge. Nikamuuliza, unakuya kunicheka? Akapiga magoti. «Hapana, baba mudogo. Ile mutu ya Goma anataka kusoma karatasi, nikasema weye njo uione wa kwanza. Mimi nilimusomeaka papa nikiwa darasa ya sita ya primaire. Aliniambia: funga mudomo, Mathe iko na batoto, umuachie bushujaa yake.»

Munasikia ile matusi? Miaka makumi ine! Nilimutukana ku soko, nilimutukana ku kilio ya mama yake, na yeye anajua, ananyoa ndevu ku kioo, karatasi iko nyuma ya kioo, ananihurumia. Mimi, Mathe! Amekufa tangu mwaka wa Ebola, na mupaka leo iko ananihurumia. Alinishinda ku barrière, alinishinda ku kugawa, na sasa anataka kunishinda toka ku kaburi. Sitakubali.

Florentine, weka mukono chini ya muto wa kichwa. Njo hiyo kadre. Lusenge, shusha sura, uingize. Muone vile inaenea. Sura na kadre, bote wawili banaenda kwa Asma, na mutu wa Goma akuye kubembeleza Asma, si nyinyi. Josaphat, kunja uso vile unataka, haikukuwaka yangu, itakuwa yako namna gani? Moteur pia. Fukuzeni kuku, muipeleke Beni, na museme ku soko, si kwa sauti ya panya, kwamba Muhindo hakuibaka mafuta. Nyumba ni ya Florentine. Shamba ya Alimbongo, Josaphat agawe, Lusenge achague wa kwanza. Na usipake mate kitu.

Maji... kidogo. Bas.

Fungueni mulango sasa. Na dirisha. Majirani basikie, kila mutu mwenye alikunywaka kasikisi yangu na kunipigia makofi.

Josaphat, soma ile karatasi. Nguvu. Mupaka mwisho, usiruke vile mimi niliruka.

...Eh. Bibi yake. Bruges. Ni vile.

...«Sous trois sacs»? Chini ya magunia tatu? Hapana! Madame alihesabu vibaya. Ilikuwa saba. Mutu ya kimo yangu hafichwi na... tatu.

Endelea.

Kichwa... munishike. Mungu awapatie magoti ya kushuka mu camion... siku bataita jina yenu. Mimi... batoto yangu... nilikuwa na magoti yangu. Sikuitumia.

Soma tena. Pale tu. Pale penye jina ya Muhindo.