Mitupo Mitatu ya Wendell

Benchi la pale kona ya duka la mikate halina mpinzani mjini, kwa sababu tanuri liko nyuma ya ukuta, na Desemba ya Indiana si ya kuchezea. Ukikaa hapo mgongo unaiva. Wenyewe ni watatu. Jaji, ambaye maisha yake yote amehukumu maboga tu kwenye maonyesho ya wakulima. Pancha, fundi baiskeli, mdomo haumkauki. Na Nyundo, mhunzi, ambaye mwanawe Wendell anachezea timu ya chuo katika msimu huu wa kwanza wa mpira wa kikapu. Kwenye mchezo huu, timu ikifanyiwa madhambi, mtu mmoja huchaguliwa awatupie wenzake mitupo yote ya adhabu, na wa chuo chetu alikuwa Wendell. Jumamosi akakosa mitatu, tukalala kwa pointi moja. Mwalimu wa timu kasema jioni ya leo mazoezini atamjaribu mwingine. Wendell naye asubuhi kamwambia baba yake kwamba jezi anairudisha na chuo chenyewe anaacha, anakuja kuvuta mivukuto ya kupulizia moto kwenye karakana ya baba. Nyundo, aliyejinyima miaka ili mtoto huyo asivute mivukuto, mkate wake alikuwa hajaugusa.

— Kula, bwana, — alisema Jaji. — Mtoto hajafa.

— Sina hamu.

— Mimi nawaambia tatizo ni mpira, — Pancha akaingia. — Umejazwa upepo kupita kiasi. Nimeubonyeza kwa kidole hiki. Ukigusa chuma tu, unaruka kama chura. Wangeniita mimi na pampu yangu, leo tungekuwa tunaongea mengine.

— Wewe kwako kila kitu upepo. Mkeo akiumwa jino utamletea pampu.

— Haya, lete yako tuisikie.

Jaji akajikohoza, kama afanyavyo kabla ya kulitangaza boga lililoshinda.

— Masharubu.

— Masharubu ya nani?

— Ya Wendell. Kaanza kuyafuga mwezi jana. Uzito wa uso umehamia mbele, kichwa kinainama, mpira unapita chini. Mechi ya kwanza hakuwa nayo, alikosa?

— Hakukosa hata mmoja, — Pancha alikiri.

— Masharubu yenyewe nywele saba, — alisema Nyundo, na kidogo acheke, ila akakumbuka jioni inakuja.

— Saba leo. Jumamosi zilikuwa ngapi? Hujui. Tulia.

— Acheni masharubu, — Pancha akashusha sauti, akaangalia huku na huku. — Kuna kitu nilikuwa sitaki kukisema mbele ya mzazi. Kapu lilitikisika.

— Usituletee.

— Naapa. Kila Wendell alipotupa, kapu likawa linatetemeka kama mtu mwenye homa. Wageni wakitupa kwenye lao, tuli. Nimeona kwa macho yangu haya mawili.

Nyundo akamgeukia. Ni kweli, hata yeye aliliona, ila alidhani ni machozi yake mwenyewe.

— Basi ni treni, — Jaji akaamua palepale. — Reli inapita nyuma ya ukumbi. Treni ikipita, ukumbi wote unacheza.

— Jumamosi jioni hakuna treni, mzee.

— Ndiyo ujue sasa. Walimhonga dereva.

— Apite mara tatu?

— Mara tatu. Anakwenda, anarudi, anakwenda.

Hapo akatoka Lovina, mpwa wa mwenye duka, aliyekuja juzi kutoka Ohio, kashika birika la kahawa. Mpira wa kikapu alikuwa hajauona maishani mwake. Alikuwa amewasikia wote, maana dirisha la jikoni liko juu ya vichwa vyao.

— Samahani, wazee. Hilo kapu limefungwa wapi?

— Kaa nikufundishe, binti, — alisema Jaji. — Wachezaji wako chini. Sisi watazamaji tuko juu, kwenye roshani. Kapu limepigiliwa misumari kwenye kingo za mbao za roshani, kwa nje.

— Kumbe. Na Wendell alipokuwa anatupa, ninyi mlikaa wapi?

Jaji akaanza kuchunguza kikombe chake.

Walikaa juu ya kapu, jambo ambalo mechi ya kwanza hawakulifanya. Walikwenda mapema, milango haijafunguliwa, ili waipate nafasi hiyo hiyo. Kila Wendell aliposimama kutupa, watatu hawa walizishika kingo kwa mikono miwili, wakazisukasuka na kupiga mabuti sakafuni wakiliita jina lake. Wageni walipotupa walinuna, mikono mifukoni. Na aliyekaa katikati, mwenye mikono iliyozoea chuma, alikuwa Nyundo.

— Nimwongezee nani? — Lovina aliuliza. Hakuna aliyenyoosha kikombe.

— Labda na treni pia, — Pancha alinong'ona.

— Nyamaza, Pancha.

Nyundo akasimama, akavaa kofia.

— Unakwenda wapi? — aliuliza Pancha.

— Chuoni. Kabla hajairudisha hiyo jezi.

— Utamwambia nani alitikisa?

— Nitamwambia ni baba yake.

Jaji alimtazama, akautazama ukuta wenye joto, akashusha pumzi na kusimama.

— Mwambie na mimi. Na mwalimu nitamweleza mwenyewe, kanizoea.

Pancha naye akainuka, akijifunga skafu shingoni. Wakaanza kukatiza theluji, Nyundo mbele. Hatua chache akarudi, akachukua mkate wake kwenye benchi, akauma kipande kikubwa.

— Lakini Jumamosi ijayo tukae chini, — alisema Pancha. — Chini kabisa, nyuma ya nguzo.

— Nyuma ya nguzo hatutaona kitu, — alisema Jaji.

— Basi hatuoni, — alisema Nyundo, mdomo umejaa mkate.