Siku Terry Alipotumwa Posho

Benchi letu liko Kaloleni, pale njia ya kutoka sokoni Kibuye inapoingia mtaani, na limeegemea kibanda cha Selpha cha kahawa ya tangawizi. Wenyewe ni wanne. Mathenge anauza viazi Kibuye, tunamwita Debe. Ondiek hutengeneza baiskeli, huyo ni Spana. Mimi Wechuli nashona nguo hapo pembeni, naitwa Cherehani hata na pasta wangu. Na Wandera huchomelea mageti, basi ni Geti, na jina limemkaa vizuri, maana binti yake Terry amefika miaka tisa bila kuvuka barabara peke yake. Hutoka getini akaingia gari la shule, akarudishwa, geti likafungwa. Wiki nzima tulikuwa tumemsimanga baba wa watu kwa hilo. Basi Jumamosi, mama mtoto akiwa mazishini Busia, Wandera akampa Terry gorogoro ya mahindi, mkebe mzima, apeleke posho mill, arudi na unga apitie hapa benchini. Kisha akaja kukaa nasi, na kahawa yake ikapoa mkononi.

— Amekawia, Wandera akasema.

— Kukawia gani, omera? Ondiek akamjibu. Huko kuna laini. Wacha mtoto atembee. Haraka haraka haina baraka.

— Hiyo ni ya mtu anakimbia. Mimi si nimekaa?

— Sikiza. Mimi huyu, darasa la pili, nilivuka ziwa!

Hapo tukajua tumeshafika Luanda Kotieno, kwao ziwani. Ondiek akianza utoto wake hashikiki, na tuseme ukweli, hakuna anayetaka ashikwe.

— Si uongo. Nilitumwa beach kununua omena, vile visamaki vidogo. Nikaona feri, nikasema leo lazima nione ng'ambo kuna nini. Nikaingia katikati ya magunia. Kushuka Mbita, yawa, njaa, na simjui mtu hata mmoja! Kulikuwa na mama anakausha samaki kwa moshi. Akaniangalia hivi, akasema, "In nyathi ng'a?" Wewe ni mtoto wa nani? Nikamwambia, mimi ni Ondiek, mjukuu wa Mathews, fundi wa nyavu, wa Luanda Kotieno. Basi! Nikawekewa ugali na samaki ngege mzima, nikarudishwa kwa feri. Kufika nyumbani, habari imefika mbele yangu, na nyanya ameshachuma fimbo.

— Alikuchapa? Mathenge akauliza.

— Vizuri sana. Na kesho yake akanituma tena beach.

Tukacheka. Hata Wandera alitabasamu kidogo, halafu akageuka tena kutazama njia.

— Kwetu Nyeri hatukuwa na ziwa, Mathenge akasema, lakini tulikuwa na mteremko. Unakata gogo la mgomba, unakalia, unateleza mpaka mtoni. Suruali inabaki huko juu. Unatoka asubuhi, unarudi jua likizama, umekula mapera ya shamba za watu, na hakuna mtu amekuuliza ulikuwa wapi.

— Mimi nilichunga ng'ombe za babu kule Bungoma, nikasema, tangu sijajua kufunga kamba. Mpaka pale mtoni, dunia yote ilikuwa yangu.

Nilikumbuka umande wa asubuhi miguuni, na jinsi siku moja ilivyokuwa ndefu, isiyo na mtu wa kuikata vipande. Ningepewa moja tu ya zile, ningefunga cherehani nikaenda bila kuaga.

— Sasa hii watoto ya siku hizi shida ni nini? Selpha akauliza huku akimimina.

— Viatu, Mathenge akasema. Mguu mtupu ndiyo inajua njia. Ukimvalisha mtoto viatu, umemziba macho.

— Viatu ni kitu kidogo, Ondiek akasema. Shida ni samaki. Siku hizi wanakula fileti, haina miiba. Sisi tulikula ngege na miiba yake yote tukiwa wadogo hivi. Hapo ndipo mtu alijifunza kuangalia mbele. Mtoto wa fileti atagongwa hata na wilbaro.

— Mimi nasema ni satelaiti, nikaingilia. Zimepiga dunia picha mpaka imesinyaa. Zamani kutoka boma letu mpaka mtoni ilikuwa safari ya kubeba chakula. Krismasi nimeenda, mto uko hapo tu nyuma ya choo!

— Si ulikuwa mfupi, Cherehani, Ondiek akasema.

— Urefu wangu usiuingize kwa mambo ya sayansi.

Wandera hakucheka.

— Mama yake akipiga simu nitamwambia nini?

— Mwambie asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, Mathenge akasema. Si mama ako Busia? Basi achia ulimwengu ifanye kazi yake.

— Wacha nimfuate.

— Geti! Ondiek akaita. Ukimfuata umeharibu kila kitu. Saa hii ndiyo anaiva.

Wandera akasimama, kikombe kikaanguka.

— Nyinyi mnaongea ya utoto yenu, akasema. Huyu ni wangu.

Akashika njia ya posho mill, mara anatembea, mara anakimbia. Simu yake, ile kamulika mwizi ya tochi, aliisahau benchini. Tuliitazama hiyo simu, kisha Ondiek akakohoa na kuanza kutuambia jinsi alivyopanda ng'ombe dume, lakini hadithi haikuwa na nguvu tena. Mathenge hakumwuliza hata alianguka wapi.

Mara, kutoka upande mwingine kabisa, upande wa sokoni, akatokea mwanamke tusiyemjua, amemshika mkono msichana wa gauni la manjano. Mtoto alikuwa amekumbatia gorogoro kifuani, viatu vimejaa vumbi.

— Hamjambo wazee. Naitwa Rosa. Nimehamia hapa juzi juzi, nauza mitumba Kibuye. Huyu nimempata amesimama kati ya marundo ya nguo, anaangalia tu watu. Haniambii kitu. Nimeuliza huko nyuma, nikaambiwa nenda kwa wale wa benchi, wanajua kila mtu. Huyu mtoto ni wa nani?

Swali dogo hivyo. Tukatazamana.

— Huyo lazima ni Terry, Mathenge akasema.

— Lazima, ama unamjua? Rosa akamwuliza.

— Si ana unga?

— Baba, Kibuye yote iko na unga.

Ondiek akainama, sauti yake ikiwa chini:

— Nyathina, mwanangu, wewe ni mtoto wa nani?

Msichana akajificha nyuma ya Rosa. Amefundishwa asiongee na watu asiowajua, na watu hao ndio sisi. Miaka sita nimekunywa kahawa na Wandera. Sare za Terry nimeshona mimi, zote, nikiletewa ile ya zamani kuwa kipimo. Najua upana wa mabega yake. Uso wake nilikuwa sijawahi kuuona.

— Mwache hapa, baba yake anakuja, nikasema.

— Baba yake nani? Rosa akaniuliza. Mimi sipei mtu wa lazima. Nataka mtu anamjua.

Selpha akajishughulisha na birika, ambalo halikuwa na kitu tena.

Nikamkumbuka Mama Nasambu, aliyepakana na shamba letu. Kila nilipopita na ng'ombe alikuwa akiinua jembe na kuniita kwa jina la babu yangu, asubuhi nikienda, jioni nikirudi. Nilidhani ni salamu. Kumbe alikuwa akinihesabu, kama mimi nilivyohesabu ng'ombe. Niliona haya, haya ya kweli, mbele ya mwanamke aliyehamia juzi.

Rosa akakaa kwenye nafasi ya Wandera, akampakata mtoto pamoja na unga wake. Akakaa hivyo mpaka tulipomwona Wandera anarudi mbio, shati limelowa.

— Baba!

Ndipo Rosa alipomwachilia mkono. Wandera akapiga magoti vumbini, akamshika binti yake usoni, mabegani, tena usoni. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

— Hutaenda tena, akasema. Imeisha hiyo.

— Nitaenda. Kuenda nilienda vizuri, baba. Kurudi ndiyo nilipinda mahali si pake. Na unga haijamwagika.

Wandera akamshika mkono waondoke. Terry hakuondoka. Alikuwa ametukazia macho, sisi watatu.

— Baba, hawa wazee ni wa nani?

Wandera akatutazama mmoja baada ya mwingine.

Ondiek akasimama, akavua kofia.

— Mimi ni Ondiek, akamwambia mtoto, mjukuu wa Mathews, fundi wa nyavu, wa Luanda Kotieno. Natengeneza baiskeli pale, kwa mlango wa bluu.