Pasi Nne za Glody

Paluku alikuwa amepanda teksi, basi dogo la kwenda mtaa wa Malvern, nyuma kabisa, aliposikia abiria wawili wakiijadili timu yake ya soka. Miaka tisa alikuwa kiungo mchezeshaji. Jumamosi meneja Burhani alimweka benchi, jezi yake akampa Glody, kijana wa miaka kumi na minane.

"Burhani amerogwa," alisema mmoja wao, fundi cherehani. "Unamwachaje Paluku kwa ajili ya mtoto?"

"Ulikuwepo uwanjani, kaka?" akauliza wa pili, mama muuza vitenge.

Fundi hakuwepo, lakini hilo halikumzuia kubisha.

"Yule mtoto alipiga pasi bila hata kutazama," mama akaendelea. "Mpira ukapenya mabeki watatu, ukamkuta mwenzake peke yake. Nilisimama, nikasahau kushangilia."

"Eish, pasi moja tu! Muulize Paluku kama atakubali kuachwa kwa hiyo moja."

Paluku akainama mbele kutoka kiti cha nyuma.

"Paluku ni mimi," akasema. "Zilikuwa nne. Katika miaka yangu yote sijawahi kupiga hata moja ya namna ile."

Fundi alimkodolea macho. "Lakini Burhani angalau angekuambia kwanza!"

"Hakuniambia," Paluku akajibu. Teksi ikasimama, akashuka.