Taji la Jino la Mama Watoto

Chama cha Madaktari wa Meno, katika salamu zake za rambirambi, kimetamka kwamba katika utumishi wote wa marehemu hakuna mgonjwa hata mmoja aliyerudi kulalamikia taji la jino alilomwekea. Familia imelipokea tamko hilo kwa shukrani, macho yakiwa chini.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, kitinda mimba wa fundi saa. Alisoma shule iliyokuwa nyuma ya soko, kisha sekondari ya bweni, kisha udaktari wa meno, akahitimu mwaka 1974 akiwa wa kwanza darasani. Jambo hilo hakuruhusu lisahaulike.

Alifungua kliniki juu ya duka la vitambaa. Mgonjwa alilazwa kitini, akapigwa ganzi, akavishwa taji, ile kofia ngumu ya kufunika jino bovu, akang'ata karatasi ya rangi ili ionekane linapogusa, akaenda zake. Aliyesema limezidi kimo alijibiwa, "Utalizoea."

Mwaka 1977 alimwoa mama yetu, muuguzi, na baadaye akamwekea taji kwenye gego la kulia. Wanafunzi wakija aliwaambia, "Kamuulizeni mama watoto." Mama alitabasamu tu.

Jioni moja ya mwaka 2009, mezani, ndipo alipomtazama akitafuna.

"Mama watoto, huo upande wa kulia una nini?"

"Umestaafu."

"Tangu lini?"

"Tangu uutengeneze."

"Na ukanyamaza!"

"Ungesema nitazoea, baba watoto. Nikakupunguzia maneno."

Hakumaliza chakula. Kesho yake alimketisha wima, bila ganzi, akampa karatasi. Doa likatokea pasipotarajiwa: mtu akilala, taya hurudi nyuma, akikaa, husogea mbele na kuligonga taji. Alisaga kidogo tu. Mama akang'ata, akasema, "Haya, sasa ni jino." Marehemu akageukia dirisha, asigeuke tena mpaka mama alipotoka. Tangu hapo aliwaketisha wagonjwa wote wima, na sababu hakumwambia mtu. Aliona haya.

Aliugua figo mwaka jana, akafariki tarehe 2 mwezi huu. Kitandani aliagiza kisa hiki kisomwe leo. Sisi watoto tulitaka kukikata. Mama akasema, "Aibu ameibeba peke yake, inatosha. Someni."

Mwenyezi Mungu amlaze mahali pasipombana. Ameacha mjane, mwana wa kiume mmoja, wajukuu watatu, na binti mwenye kliniki ya meno mtaa wa pili, ambako kwa miaka mingi wagonjwa wa zamani wa baba yake walikuwa wakipitia mlango wa uani kwenda kusagiwa mataji. Hilo hakuagiza lisomwe. Hakuna aliyewahi kumwambia.