Mgeni wa Kompyuta ya Dobi

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la dobi, pale mvuke wa pasi unapotokea dirishani, na kila jioni tunakaa hapo na kahawa tukisuluhisha mambo ya watu. Mimi ni fundi viatu. Shule yangu iliishia njiani, na Mungu anisamehe, nikisikia neno nisilolijua hutikisa kichwa kukubali kuliko wenzangu wote. Jioni hiyo shauri lilikuwa kompyuta ya nyumbani kwa Dobi. Ilikuwa imeingiwa na kirusi, kile wanachokiita trojani, kinachoingia kwa kujifanya programu njema. Ndani ya kompyuta mna faili la sauti ya marehemu baba mkwe wake akiwaombea wajukuu. Haipo kwingine, na sasa faili lile halifunguki. Jumamosi ndugu wa mkewe wanakuja kuisikiliza.

Dobi alieleza kwamba alijaribu kwa mikono yake. Alichomoa waya wa mtandao, akaiwasha mashine kwa ile njia ya dharura inayoamsha programu chache tu, akakisaka kirusi, akakifuta. Asubuhi kikawa kimerudi mahali pake.

— Ulikifuta kwa upole, alisema Kinyozi, tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani. Kirusi hufutwa kwa hasira.

Waya, fundi umeme, alishauri kitiwe kirusi cha pili vipigane, kwani dawa ya moto ni moto.

— Na kitakachoshinda? aliuliza Dobi.

— Kitakuwa kimechoka.

Profesa hakukubali. Yeye alitaka mashine inyimwe umeme wiki nzima, kirusi kife njaa. Dobi akamkumbusha kuwa Jumamosi ni keshokutwa. Basi kishindishwe njaa hata siku moja, akasema Profesa, subira huvuta heri. Nikatikisa kichwa.

— Ninachoshangaa, Profesa, alisema Dobi, ile programu ya kusafisha uliyonitilia, kila nikiwasha inaniandikia kwa kijani: mashine yako ni safi.

— Hiyo usiiguse, ndugu yangu, alijibu Profesa. Ndiyo mlinzi wetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Methali ilituingia, tukajaziana vikombe. Hapo mke wa Dobi, shemeji yetu sote, akatoka dukani na mashati yaliyopigwa pasi mikononi. Alitusikiliza kidogo.

— Shemeji zangu, mashine ilianza kuugua kabla ya huyo mgeni kufika, au baada yake?

Waya akainua macho kutazama nyaya za barabarani. Mimi nilianza kutikisa kichwa, nikakuta hakuna wa kumuunga mkono. Profesa alikunywa kahawa taratibu sana, na kwa kuwa tulikaa bega kwa bega nilikiona kikombe chake: kilikuwa kikavu.

Shemeji akampakatisha yale mashati.

— Nishikie haya, Profesa. Mimi na mume wangu tunakwenda kumsindikiza mgeni wako.