Panga la Gideoni

Tangu treni itoke Lembeni, Eliamini, aliyeachishwa kazi na Mwingereza wa shamba la mkonge, alikuwa amepakata panga la Gideoni, mkata mkonge aliyekutana naye humo behewani.

“Kengele ya shamba ikigongwa alfajiri bado naamka, navaa viatu, halafu naketi kitandani,” alisema. “Mke wangu hujifanya amelala.”

“Mimi ya kwetu ikigongwa, najifunika blanketi hadi usoni,” Gideoni akajibu. “Nyapara anatutukana kutwa. Nakuonea wivu unayeshinda kwako.”

“Nami nakuonea wivu hata kwa hayo malengelenge ya mikono.”

Nilikuwa nimeketi mkabala nao, nimefungua Biblia nisionekane nasikiliza. Sikugeuza ukurasa hata mmoja.

Treni iliposimama Same, Gideoni alinyoosha mkono. “Panga langu, ndugu.”

“Chukua,” alisema Eliamini, na vidole vyake vikazidi kuubana mpini.