Dada Yetu, Aliyewafundisha Wauguzi Kutulia

Ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi: mimi ni mdogo wake marehemu anayemfuata. Nimepewa mimi kazi ya kusoma kwa sababu shemeji alijaribu jana, sauti ikamkatalia.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Julai 1963, mtoto wa kwanza wa karani wa posta na mshona nguo. Wazazi wetu wote wawili wametangulia. Mama alipenda kusimulia kwamba binti yake alikuwa na kichwa chenye miguu: mwili uko jikoni, akili imeshatoka nje. Akiambiwa aangalie maziwa yasifurike, aliyakodolea macho kweli, nayo yakafurika mbele yake. "Nilikuwa nayatazama, mama," alijitetea. Mama akamwambia, "Ulikuwa unayatazama, lakini hukuwepo."

Alianza shule ya msingi mwaka 1970. Ripoti zake ziliimba wimbo mmoja: ana akili, hasikilizi. Alirudia darasa la mwisho, akafaulu, akamaliza sekondari mwaka 1982, na mwaka 1986 akahitimu uuguzi.

Alipangiwa wodi ya dharura. Mliofanya kazi huko mnajua: simu inalia, ndugu wa mgonjwa anakuvuta mkono, daktari anaita, na wewe umeshika sindano. Mwaka 1998, katikati ya purukushani kama hiyo, nusura amchome mgonjwa dawa ya kitanda cha jirani. Mwenzake alimdaka mkono. Mgonjwa hakudhurika, wala hakujua. Lakini dada alikuja kwangu akitoka kazini, akaketi bila kuvua viatu. "Nilisoma jina kwenye chupa," akasema. "Nililisoma kabisa. Basi tu, halikuingia."

Ndipo aliporudi shule, kusomea saikolojia, kati ya vijana waliomwita shangazi. Alipata shahada ya kwanza mwaka 2004 na ya uzamili mwaka 2007. Utafiti wake ulihusu namna akili ya mtu aliyelemewa inavyoweza kuzoezwa kukaa mahali pamoja. Mtu anaketi, anafuata pumzi yake. Akili ikitoroka, na lazima itatoroka, anairudisha bila kujigombeza. "Kule kuirudisha ndiyo mazoezi yenyewe," alikuwa akisema. "Anayedhani ameshindwa ndiye anayefanya vizuri." Aliwafundisha wauguzi kabla ya zamu, kwenye mabenchi ya chumba cha kubadilishia nguo, akawapima kabla na baada. Wengi walianza kulala vizuri na hawakurukaruka tena kila kengele ilipolia. Katika vipimo vya umakini walikosea kidogo kuliko zamani. Wakambandika jina: Mama Pumzi.

Hakuwa mtu wa kutia chumvi. Wapo ambao mazoezi hayo hayakuwafaa, naye aliandika hivyo hivyo. Na wakubwa walipotaka mafunzo yake yachukue nafasi ya kuongeza watumishi, aliwaambia kikaoni, "Pumzi itamsaidia muuguzi asipasuke. Haitamletea mwenzake wa kushika zamu." Aliyarudia hayo kila mwaka hadi alipoacha kazi. Hakuongezwa mtu.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa majokofu. Walikutana pale jokofu la chanjo la hospitali lilipoharibika. Fundi aliingia, akawanyamazisha watu wote, akaweka sikio ubavuni mwa jokofu na kutulia. Dada alisema, "Nikawaza, huyu akimsikiliza mke nusu ya hivyo, nimefika." Walijaliwa binti na mwana.

Mwaka 2020 alianza kukohoa, kikohozi kikavu kisichosikia dawa. Vipimo vilionyesha mapafu yanaota makovu na kukakamaa. Daktari, kijana aliyewahi kuketi kwenye mabenchi yale, alishindwa kumtazama usoni. "Mama, dawa ya kuupunguza mwendo ugonjwa huu ipo. Ya kuponya hatuna."

Kufikia mwishoni mwa 2023 hakuweza kuvuka sebule bila mashine ya oksijeni. Siku moja pumzi ilipombana, binti yake alitafuta kwenye simu somo ambalo mama mtu alikuwa amewarekodia wauguzi. Sauti yake ya zamani ikajaa chumbani: fuata hewa inapoingia, ifuate inapotoka. Alisikiliza kidogo, akainua kidole.

"Zima, mwanangu. Huyo mama hajui anachosema."

Tulicheka, naye akacheka, hadi kicheko kikammalizia hewa. Alipopata nafuu alitueleza, kimwalimu kabisa, kwamba asiye na hewa ukimwelekeza kwenye pumzi unamzidishia hofu. Atafutiwe pengine pa kuweka akili. Tukajaribu sauti za nje. Tukajaribu nyayo sakafuni, kitambaa chenye maji kiganjani. Siku nyingine alitulia. Siku nyingi hapana.

"Sasa tufanye nini, mama?" binti akamuuliza.

"Sijui, mwanangu. Ningejua ningekwambia."

Shemeji, kila alipomwona mkewe anahema, aliifungua mashine, akasafisha kichujio, akaifunga, akaifungua tena. Tulimwachia, maana bila bisibisi mikono yake ilikuwa haina pa kwenda. Mwisho dada akamwambia, "Mashine ni nzima, Fundi. Kibovu ni mimi. Njoo ukae."

Alituacha nyumbani kwake, asubuhi ya tarehe 3 Februari 2024. Binti alimshika miguu, shemeji mkono. Mimi nilisimama mlangoni na glasi ya maji ambayo hakuna aliyeiomba. Ningependa kusoma hapa kwamba aliondoka kwa ule utulivu aliowafundisha wengine. Yeye asingeniruhusu. Aliogopa, nasi tuliogopa, na katika watu wote waliokuwa mle chumbani aliyejua mengi kuhusu hofu ndiye aliyekuwa anakwenda.

Ameacha mume; binti, mwalimu wa chekechea; mwana, fundi umeme, aliyefika leo alfajiri; wajukuu watatu; nasi wadogo zake wawili. Wauguzi mliokuja na sare moja kwa moja kutoka zamu, tumewaona, na ninyi ni wafiwa.

Apumzike sasa, kwa amani ile ambayo sisi, pamoja na kumpenda kote, hatukuweza kumpa.